Mwanangu Yuko Njiani

Jumapili, 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, ila mtoto wa jicho sasa amekomaa. Jana alikuja dukani akaisalimia ile sanamu ninayoivalisha magauni, akaiuliza watoto wazima? Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Kisha nikanyamaza, kwa sababu yeye hakucheka.

Tumepata tarehe: Alhamisi ya tarehe 14, kliniki ya macho, saa tatu asubuhi. Wanapasua jicho la kulia, na mgonjwa anarudi kwake siku hiyo hiyo, mradi awe na mtu wa kumshika mkono. La kushoto nalo ni kama dirisha lenye vumbi, kwa hiyo la kulia likishafungwa bandeji, Mama hana anachoona. Mtu wa kumshika mkono ni mimi.

Najua unavyoguna hapo ulipo. Jina la Pakacha sikupewa bure. Kila ninachotiwa kinavuja. Wiki iliyopita nilifunga uzi kidoleni ili nikumbuke kununua vifungo vya koti la mteja. Mchana nikaishiwa uzi wa rangi ile ile, nikaufungua kidoleni nikashonea. Koti limekwisha, vifungo havipo. Lakini hili ni la Mama. Hili halivuji.

Ungekuja ingekuwa bora, ila nafahamu una mitihani huko. Andika, usipige simu. Simu ya ofisi yenu husikilizwa na karani, mkewe na mashemeji.

Mdogo wako,
Pakacha


Ijumaa, 8 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Ya sanamu nimecheka, kisha nikafanya kama wewe.

Siwezi kuja. Mitihani inakwisha mwisho wa mwezi, na matroni mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Bwenini ninao wasichana tisini na wawili, na kila jioni nawahesabu mmoja mmoja.

Sasa nisikilize. Kichwa ni mwongo. Kinachokumbuka ni mikono na miguu. Mimi nikifunga stoo nasema kwa sauti, "Leo Jumanne, stoo nimefunga." Wasichana wanacheka, wanasema matroni anaongea na kufuli. Ufunguo wa kabati la dawa nautia ndani ya kiatu cha kushoto, ili nisiweze kutoka bila kuukanyaga. Wewe shika kitu unachokigusa mara mia kwa siku: funga kitambaa chekundu kwenye mkasi, kiwe pale tangu asubuhi ya tarehe 14. Saa ihamishie mkono wa kulia. Na kubwa kuliko yote, usibanduke kliniki. Aliyekaa palepale hana cha kusahau.

Mwambie Mama asibishane na wauguzi.

Dada yako


Ijumaa, 15 Machi

Dada,

Shikamoo. Upasuaji umekwenda vizuri sana. Nilikuwa pale muda wote, tangu saa tatu hadi tulipotoka. Benchi lao ni gumu. Tulirudi kwa teksi, dereva alikuwa mtu mzuri, mwenye kofia.

Kuna jambo moja tu, usishtuke. Tulipofika nyumbani niliingia jikoni kuchemsha chai, na Mama, unamjua, akainuka peke yake kwenda kufunga dirisha. Akateleza kwenye ngazi ya mlangoni. Kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Amefungwa plasta, wiki sita. Jicho halikuguswa, ila kwa usalama daktari kaamuru bandeji ikae wiki mbili.

Niko naye. Duka nimelifunga kwa muda. Hakuna haja ya kupiga simu.

Pakacha


Jumatano, 20 Machi

Mama,

Shikamoo. Atakusomea mdogo wangu, na namwomba asiruke hata neno.

Pole kwa mkono. Nikishasema pole, niruhusu niseme na mengine. Una miaka sabini na moja. Jicho moja limefungwa, la pili halina kazi, na bado unainuka kufunga dirisha kana kwamba dirisha litakimbia. Mwanao amefunga duka msimu wa harusi, amekaa kwenye benchi kutwa nzima, amekurudisha kwa teksi. Kosa lake ni kwenda kukuchemshia chai. Dakika tano zilikushinda kukaa? Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi siku hizi wakuu ni sisi, na wewe umevunjika mkono.

Ukaidi huu ndio unaoniumiza tumbo kila ninapoona bahasha kutoka nyumbani. Tafadhali, ukiwekwa mahali, kaa.

Na wewe Pakacha, unayesoma hapa kwa sauti: ahsante. Nilikuwa na wasiwasi nawe. Umenifanya nione haya kwa kukudhania vibaya.

Binti yako


Jumanne, 26 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako nimesomewa yote.

Ni kweli ulivyosema, nilikaidi. Dirisha lilikuwa linagongagonga, na mimi sipendi kitu cha kugongagonga. Niliambiwa nikae, nikainuka. Kosa ni langu, usilitafutie mwenyewe mwingine. Methali umeirudisha kwa aliyeitoa, na imenifika.

Mdogo wako ananitunza. Supu yake ama haina chumvi kabisa ama ina chumvi ya watu wanane, kwa sababu hakumbuki kama ametia. Nakunywa zote.

Usiumwe tumbo kwa ajili yangu.

Mama yako
(Mwandiko ni wa mdogo wako.)


Jumanne, 26 Machi

Dada,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaiitikia ukifika mwisho wa barua hii. Hii ni bahasha ya pili leo. Ya kwanza ni ya Mama, na yaliyomo, ukiondoa supu, ni uongo ulioandikwa kwa mkono wangu.

Mama hakuangukia nyumbani. Aliangukia mtaroni, nje ya kliniki, akiwa peke yake, kwa sababu nilimsahau.

Neno hilo nimeliandika kwanza mara tatu kwenye karatasi ya vipimo, ili mkono ulizoee.

Nilimfikisha saa tatu kama tulivyopanga. Saa nne akaingizwa ndani, muuguzi akaniambia, "Njoo umchukue saa tisa." Nikajipigia mahesabu. Dukani nilikuwa na magauni sita ya wasindikizaji wa bibi harusi, yanachukuliwa kesho yake, matatu hayajapindwa. Nikasema nitashona hadi saa nane. Ulinikataza, na nilikumbuka kabisa ulivyonikataza. Kitambaa chekundu kilikuwa kwenye mkasi. Saa ilikuwa mkono wa kulia. Saa nikaivua mapema, maana mkanda wake wa chuma ulikuwa unakwaruza satini. Baadaye cherehani ikatema mafuta karibu na gauni jeupe. Nikashika kitambaa kilichokuwa karibu, nikafuta, nikatupa kwenye ndoo ya taka. Kilikuwa kile chekundu.

Magauni yalipendeza, Dada. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa napiga mluzi.

Saa kumi na moja nikafunga duka, nikanunua mkate, nikaenda nyumbani. Nikachemsha chai. Nikamimina vikombe viwili, chake nikatia sukari vijiko viwili kama anavyopenda, nikaita, "Mama, chai!" Nikasubiri aitikie. Nikaita mara ya pili, tena kwa kukereka. Nikausukuma mlango wa chumba chake kwa kiwiko, vikombe mkononi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Jiko nililiacha linawaka; sijui nilivyofika kliniki. Jua lilikuwa bado lipo. Geti limefungwa. Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bandeji jichoni, matope gotini, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa cha mtu. Kando yake amesimama mama mmoja anayeuza ndoo na mabeseni pale nje. Ndiye aliyemtoa mtaroni.

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye mwana?"

"Ndiyo."

"Tangu saa kumi namuuliza anakaa wapi nimpeleke. Anasema hapana, mwanangu yuko njiani. Nikasema basi twende hospitali, mkono umevimba. Anasema hapana, atakuja asinikute."

Mama akageuza uso upande ilikotoka sauti yangu. Akamwambia yule mama, kwa majivuno, Dada, kwa majivuno, "Si nilikwambia? Huyo amefika."

Hospitalini, plasta ikiwa inakauka, akaninong'oneza, "Nilianguka nyumbani."

"Mama..."

"Nilianguka nyumbani. Watoto ninao wawili tu. Sitaki mmoja amdharau mwenzake."

Nikakubali. Nilikubali haraka mno. Hata yule dereva mwenye kofia nilimbuni mimi, na nilijisikia fundi.

Kisha ikaja barua yako. Jumamosi nilikaa ukingoni mwa kitanda chake nikaisoma. Nilipofika kwenye benchi na teksi nikakohoa, nikaruka. Akasema, "Umeruka. Dada yako haandiki sentensi fupi hivyo. Rudi." Nikarudi. Nikamsomea mama yangu mwenyewe kwamba dakika tano zilimshinda kukaa. Mama aliyekaa tangu saa tisa. Nikamsomea ile methali. Nilipofika pale unaponishukuru, nikasema imeishia hapo. Akasema, "Bado. Kuna karatasi inageuzwa, nasikia." Nikasoma na ahsante yangu pia.

Leo akaniita nimwandikie majibu. "Andika: ni kweli, nilikaidi."

"Mama, hilo siandiki."

"Barua ni ya nani?"

"Yako."

"Basi andika."

Nikaandika. Mwandiko umetulia, umeuona. Fundi hatetemeki.

Wewe huhesabu wasichana tisini na wawili wa watu, hukosi hata mmoja. Mimi nilikuwa na mmoja tu wa kumhesabu.

Usimwandikie Mama kwamba nimekwambia. Niandikie mimi, hata kama ni matusi.

Pakacha


Jumatano, 17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ni wiki tatu. Kila akisikia baiskeli ya mtu wa posta Mama anauliza, "Hakuna?" Namwambia mitihani. Mitihani ilikwisha mwezi uliopita na sote wawili tunajua.

Nimemwambia kwamba nilikuandikia ukweli. Aliniuliza tu kama niliweka stempu ya kutosha.

Bandeji imetolewa. Anaona. Juzi alipewa miwani ya kusomea, sasa anasoma hata maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Jana aliniona usoni vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, akasema, "Umezeeka, baba." Plasta inatolewa wiki ijayo.

Duka nimelifungua. Mama wa bibi harusi alikuja kunishukuru, akasema magauni yale yatasemwa mpaka mwakani. Nilishindwa kumwangalia. Siku hizi naandika kila kitu: ukutani, kwenye kiganja, kwenye karatasi naibana mfukoni kwa pini. Saa tisa ikifika naacha kazi yoyote niliyo nayo nakwenda nyumbani kumwona, kisha narudi. Wateja wanadhani nimeoa. Nakiogopa kichwa changu kama mtu anavyomwogopa mbwa wa jirani. Kutwa nakizunguka, najiuliza kitaniuma lini tena.

Andika hata mstari mmoja. Si kwangu. Kwake.

Pakacha


Jumatano, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeanza hivyo ili ujue kwamba nimeiitikia.

Nilikuandikia barua tatu nikazichana. Ya kwanza ilikuwa ya matusi, tena mazuri, nimeyaweka akiba. Ya pili ilikuwa ya kukusamehe, nikaisoma nikaona nimeketi juu kabisa nakutupia msamaha kama mtu anayewarushia kuku mahindi. Ya tatu ilianza kusema ukweli, nikaogopa.

Ukweli ni huu. Dirisha la sebuleni na ngazi ya mlangoni viko pande mbili za nyumba. Mtu hawezi kwenda kufunga hilo akateleza kwenye hiyo. Niliiona kasoro hiyo siku ile ile nilipopata barua yako. Niliiona, nikaipita. Nilitaka awe amekosea Mama. Akikosea wewe, ningelazimika kuuliza mimi nilikuwa wapi.

Matroni mwenzangu alirudi kazini tarehe 11 Machi. Siku tatu kabla ya upasuaji. Mkuu wa chuo aliniita ofisini akaniambia, "Nenda kamwuguze mama yako, wasichana tutawaangalia." Nikamwambia mdogo wangu yupo, haina haja. Nilichoka kusafiri. Nilichoka hata kabla ya kusafiri. Na nyumba ile, tangu baba alipofariki, kila nikifika nahisi nakaguliwa.

Miaka miwili sijakanyaga hapo. Kila Jumapili nakumbuka. Siku yake ya kuzaliwa nakumbuka, nasema kwa sauti kama ninavyosema ya stoo. Wewe ulimsahau kwa muda wa saa tatu, ukaenda mbio kumchukua huku jiko linawaka. Mimi nilimkumbuka miaka miwili na sikuja. Mimi sina hata kisingizio cha kusahau.

Kisha nikampiga kwa methali yake mwenyewe, na aliyeisoma ni wewe. Nikilifikiria hilo nafunika uso hata nikiwa peke yangu chumbani. Sijui nimwombeje radhi kwa karatasi, ndiyo maana huoni bahasha yake humu.

Nimeomba likizo. Nafika Ijumaa, tarehe 10 Mei, basi la saa nane mchana. Najua njia ya nyumbani, lakini nataka unipokee wewe.

Dada yako


Jumanne, 30 Aprili

Binti yangu,

Sasa hii ni kwa mkono wangu. Herufi zinapanda mlima, lakini ni zangu.

Mdogo wako kanisomea barua yako, nimejua unakuja. Nimefurahi, na kwa sababu unakuja nataka niseme kabla sijakuona, maana mdomoni halitatoka.

Nyote wawili mnabishana nani mkosaji, nani zaidi. Mimi nawasikiliza kama watu wanaogombea mzigo, na nusu ya mzigo huo ni wangu.

Siku ile kliniki walipotaka kufunga, mlinzi alikuja akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, unakaa mtaa gani, tukuitie teksi?" Nikafungua mdomo. Hapakuwa na kitu. Mtaa nilimoolewa, nikawazalia humo, nikamzikia mume humo, miaka arobaini. Niliijua rangi ya mlango wetu. Niliijua ngazi inayolia. Jina halikuja. Akaniuliza, "Duka la mwanao linaitwaje?" Nikatafuta. Hata hilo halikuja.

Niliona haya, mwanangu, haya ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Yule kijana amesimama anangoja jibu ambalo mtoto wa chekechea analo. Ndipo nikasema, mwanangu yuko njiani. Ndilo neno pekee nililokuwa na uhakika nalo. Kisha nikainuka nikatoka nikishika ukuta, si kwa kuchoka kungoja, bali kumkimbia na maswali yake. Mtaro sikuuona. Yule muuza ndoo naye aliponiuliza nakaa wapi, nikamjibu vile vile, nikajitia kiburi.

Jina lilirudi asubuhi yake, lenyewe tu, nikiwa nakunywa chai. Kana kwamba lilitoka kidogo dukani. Na haikuwa mara ya kwanza kuondoka.

Nilimwambia mdogo wako aseme nilianguka nyumbani. Nilisema ni ili usimdharau. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa pia kwa ajili yangu. Nyumbani hakuna anayekuuliza unakaa wapi. Nikamwacha abebe mwezi mzima peke yake, anaacha kazi kila saa tisa kuja kunichungulia kama maziwa jikoni, na mimi namtazama nanyamaza. Hilo ndilo linalonikosesha uso mbele yake.

Kwa hiyo barua yako ile ya ukali usiiombee radhi. Uliyemfokea hakuwa na dirisha, lakini alikuwa na kosa lake.

Ukija, usinipime. Usiniulize leo ni siku gani kwa ujanja wenu wa matroni. Kaa tu.

Bahasha sikuifunga. Mdogo wako ndiye anayeipeleka posta, na kama ataisoma njiani, itakuwa ndivyo nilivyotaka.

Mama yako


Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, Alhamisi, 2 Mei

Dada,

Nimeisoma nimesimama kwenye foleni ya posta. Zamu yangu ilipofika nikatoka nje, nikarudi nyumbani.

Nilimkuta amekaa mlangoni na miwani yake, anafumua ukosi wa shati langu la zamani, mshono kwa mshono, anaona vizuri kuliko mimi. Nikakaa karibu naye. Nikasema, "Mama, barua yako nimeisoma. Naipeleka sasa."

Akanitazama. "Barua gani?"

Kisha akacheka, nami nikacheka, akanipiga begani kwa ule mkono uliopona, akarudi kwenye ukosi wake.

Dada, sijui kama alikuwa ananitania. Nimeogopa kumuuliza.

Usingoje Ijumaa ya tarehe 10. Njoo na basi la kwanza utakalolipata.

Pakacha